Risasi ya Pili: Bunduki ya Komeo na Wanyama Wakali, Kuanzia Boma la Usumbura

Tarehe 19 Agosti 1902 kapteni wa Kijerumani aitwaye Robert von Beringe alitoka boma la Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura, akiwa na askari na wapagazi. Safari ilikuwa ya kiserikali. Alikwenda kumtembelea Mwami, yaani mfalme, Musinga wa Rwanda, kumwonyesha nguvu ya Kaisari, kisha apande kaskazini hadi kwenye milima ya volkano. Katikati ya Oktoba yeye na daktari Engeland, pamoja na askari watano na wapagazi wachache, walikuwa wanaukwea mlima Sabinyo. Walipita msitu wa mianzi wakifuata njia zilizokanyagwa na tembo, wakakata vichaka, wakatambaa juu ya mawe, na mwishowe wakapiga hema kwenye ukingo mwembamba sana, kwa makadirio yao mita 3,100 juu ya usawa wa bahari. Askari na wapagazi walijibanza katika mapango kuukimbia upepo.

Kutoka kambini waliona kundi la wanyama wakubwa weusi wakipanda kuelekea kileleni. Wakafyatua. Wawili walianguka kwa kishindo ndani ya korongo, na ilichukua saa tano za kazi ngumu kumvuta mmoja juu kwa kamba. Alikuwa dume, urefu wa mita moja na nusu, uzito zaidi ya ratili 200, kifua hakina manyoya, mikono na miguu mikubwa ya kutisha. Beringe hakumtambua. Aliandika kwamba ni mkubwa mno kuwa sokwe wa kawaida, na kwamba gorila hawajulikani kuwepo upande huu wa maziwa. Njiani kurudi Usumbura fisi aliila ngozi na mkono mmoja. Vilivyosalia vilipelekwa Berlin, na mwaka 1903 mtaalamu Paul Matschie akampa mnyama yule jina la kisayansi linalomtaja kapteni: Gorilla beringei.

Wanyama wale hawakuwa wamemfanyia mtu lolote. Walikuwa mbali, wanapanda zao, na waliofyatua walikuwa na muda wote wa kulenga. Bunduki yoyote iliyonyooka mtutu ingetosha. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, kinaonyesha bunduki ya komeo ilifikaje katika nyanda za mto Rusizi: ilikuja begani mwa askari, na usasi ukafuata nyuma ya vita. Kapteni huyu huyu, kutoka boma hili hili, ndiye aliyeongoza vita vya mwaka 1903 dhidi ya Mwami Mwezi Gisabo wa Burundi, vita vilivyoishia Kiganda mwezi Juni kwa Mwami kukubali enzi ya Wajerumani na kutozwa faini ya ng'ombe zaidi ya 400. Pili, kinatuonyesha kwa kinyume chake kipimo tunachokitafuta. Bunduki ya mnyama mkali haipimwi kwa mnyama anayekupa mgongo. Hupimwa kwa nyati aliyejeruhiwa anayetoka kichakani hatua kumi na tano kutoka ulipo, au kiboko ambaye wewe umesimama kati yake na maji. Hapo risasi ya kwanza huwa imeshatoka. Swali ni kama ya pili itakuja.

Kabla ya Wajerumani, bunduki ya eneo hili ilikuwa gobori. Misafara kutoka pwani ilizileta Ujiji kwa wingi, na wapiganaji wa Rumaliza, tajiri wa Ujiji aliyeitwa Muhammad bin Khalfan, walizibeba walipojaribu kuingia Burundi katika miaka ya 1880. Walishindwa. Mwezi Gisabo aliwarudisha kwa pinde, mikuki na wingi wa watu. Ukiijua gobori hutashangaa. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia kitambaa, unatia gololi ya risasi, unashindilia tena, unaweka fataki, ndipo unainua. Mtu aliyezoea sana alipiga mara mbili au tatu kwa dakika, tena kama mvua hainyeshi.

Wasasi wa Kizungu wa zama hizo hawakuwa na kitu bora sana, isipokuwa ukubwa. Frederick Selous, ambaye jina lake lilibandikwa kwenye pori kubwa la kusini mwa Tanzania, alianza kuwinda tembo kusini mwa Afrika mwaka 1872 kwa gobori za kupakia mdomoni zilizotupa gololi ya robo ratili, yaani zaidi ya gramu 100 za risasi tupu. Baruti aliichota kwa mkono kutoka mfukoni. Aliua tembo 78 kwa silaha hizo katika misimu mitatu. Kisha maisha yake yote akalalamika kwamba mateke yake yaliharibu mishipa yake ya fahamu na shabaha yake. Mantiki ya gobori kubwa ni rahisi: kwa kuwa hutapata nafasi ya pili, ya kwanza iwe nzito kadiri bega linavyoweza kubeba. Mantiki hiyo ilitawala usasi kwa vizazi, na mabaki yake bado yapo katika vichwa vya watu wanaoamini kwamba bunduki kubwa zaidi ndiyo salama zaidi.

Askari wa boma la Usumbura hawakubeba gobori, lakini walichobeba hakikuwa mbali nayo kama tunavyodhani. Silaha yao ilikuwa Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya milimita 11 iliyotumia baruti nyeusi na kubeba risasi moja moja. Ilikuwa na komeo: fimbo ya chuma yenye mpini, unaiinua, unaivuta nyuma, unatia risasi kwa kidole, unaisukuma mbele na kuilaza, nayo inajifunga kama komeo la mlango. Kichwa cha risasi kilikuwa na gramu 25, kizito vya kutosha kumwangusha swala, mtu au hata nyati akipigwa vyema. Tatizo lilikuwa moshi. Kila ukifyatua, wingu jeupe hukutangulia, nawe huoni mnyama kama ameanguka, amekimbia au anakuja. Hata vita vilipoanza mwaka 1914 kampuni nyingi za askari wa Kijerumani, ambazo ya tisa kati yake ilikuwa na makao Usumbura, zilikuwa bado na silaha hizi za moshi. Adui alipiga shabaha kwa kulifuata wingu.

Baruti isiyo na moshi ilikuwa tayari imegunduliwa Ufaransa mwaka 1884 na Paul Vieille, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likawa na bunduki yake, Lebel. Ugunduzi huo ndio uliobadili usasi kuliko kitu kingine chochote. Kichwa cha risasi sasa kingeweza kuwa chembamba, kirefu, kilichovikwa koti la metali ngumu, na kwenda kasi mara moja na nusu au zaidi. Chembamba na kirefu hupenya. Gololi kubwa ya Selous ilipiga kofi. Hii mpya ilitoboa.

Aliyeijengea baruti hiyo nyumba inayostahili ni Paul Mauser, mtoto wa fundi bunduki wa Oberndorf, mji mdogo kando ya mto Neckar. Alikuwa mtu mkaidi aliyetengeneza modeli baada ya modeli kwa miaka thelathini, akapoteza jicho moja mwaka 1901 bunduki ya majaribio ilipolipuka. Jeshi la Ujerumani lilipokea modeli yake iliyokomaa mwaka 1898. Wamarekani waliinakili kwa kiasi cha kutosha katika Springfield yao ya mwaka 1903 hata wakalazimika kumlipa dola 200,000, na ni Springfield ya namna hiyo ambayo Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wao, aliishika alipotua Mombasa mwaka 1909 kuanza safari yake maarufu ya usasi. Hata hivyo hakuiamini peke yake. Alichukua pia bunduki ya mitutu miwili kwa ajili ya tembo.

Sasa tuitazame kwa utulivu hiyo komeo ya mwaka 1898, maana hadi leo mtu akikuuzia bunduki ya nyati anakuuzia hiyo au jamaa yake. Komeo ina meno mawili makubwa mbele yanayojifungia ndani ya chuma nyuma ya chemba, na jino la tatu nyuma kama akiba endapo mawili yatavunjika. Gesi ikipasua ganda, ina matundu ya kutokea ili isirudi usoni mwa mpigaji. Kizuizi cha usalama kipo nyuma ya komeo, kina nafasi tatu, na hukishika kipigio chenyewe wala si kifyatulio tu. Yote haya ni mazuri, lakini kwa msasi jambo kuu ni ukucha.

Ubavuni mwa komeo kuna kipande kirefu cha chuma chenye mdomo mpana. Komeo inapokwenda mbele, risasi hupanda kutoka magazini na kitako chake kuteleza moja kwa moja chini ya ukucha huo. Tangu dakika hiyo imeshikwa. Haiwezi kuanguka, haiwezi kukaa upande, haiwezi kuachwa chemba na nyingine ikaja kuigonga kwa nyuma. Ukiivuta komeo kabla hujaifunga, kama watu wanavyofanya wanapoogopa, risasi hiyo hiyo inatoka na kutupwa nje, na unaanza upya. Katika bunduki nyingine nyingi za komeo, hasa zilizotengenezwa kwa urahisi wa kiwanda, risasi husukumwa tu mbele ikiwa huru, na ukucha mdogo huishika ikishaingia chemba na komeo kulazwa. Kwenye uwanja wa shabaha hutaona tofauti. Ila mtu akiingiwa na hofu husukuma nusu, akavuta, akasukuma tena, na hapo bunduki ya aina ya pili hujikuta na risasi mbili zikigombea mlango mmoja. Kuna faida ya pili: ganda lililovimba kwa joto huvutwa na ukucha mpana kwa nguvu ambayo kidude kidogo hakina.

Joto silitaji kwa kupamba. Risasi za Uingereza za mwanzo wa karne ya 20 zilipimwa katika baridi ya London, halafu zikapigwa chini ya jua la Afrika, na baruti ya zama hizo ilipandisha shinikizo kadiri ilivyopata joto. Ganda liliganda chemba. W. D. M. Bell, Mskochi aliyezaliwa mwaka 1880 na kuja Afrika Mashariki kijana mdogo wakati reli ya Uganda inajengwa, alianza na bunduki ya risasi moja ya .303 ambayo maganda yake yaling'ang'ania kwenye joto. Alijifunza. Aliporudi baada ya vita vya Makaburu na kuingia Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwaka 1902, mwaka ule ule Beringe yuko Sabinyo, alichagua Mauser ya milimita 7 iliyouzwa London na nyumba ya Rigby kwa jina la .275.

Wenzake walicheka. Kichwa chake cha risasi kilikuwa na gramu 11 tu, chini ya nusu ya kile cha askari wa Usumbura, na kama sehemu moja ya kumi ya gololi ya Selous. Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja katika maisha yake, zaidi ya 800 kati yao kwa bunduki hiyo nyembamba, Karamoja, kisha katika eneo la Lado kando ya Nile ambalo Leopold wa Ubelgiji alilikodi hadi kifo chake mwaka 1909, na kwingineko magharibi. Siri yake haikuwa siri. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno na kusoma ubongo umekaa wapi kwa kila pembe ya kutazama, mbele, ubavu na hata nyuma kwa mshazari. Alijizoeza kulenga bila risasi kila siku. Alitumia vichwa vya risasi virefu, vya pua ya mviringo, vilivyovikwa koti gumu, ambavyo vikiingia kwenye mfupa huendelea moja kwa moja bila kupinda. Na alizinunua risasi za Ujerumani kwa sababu hazikumwangusha: kila aliyoipiga ililia.

Hesabu ya Bell imewapoteza watu wengi. Wameisoma kama ushahidi kwamba bunduki ndogo yatosha kwa mnyama yeyote. Mimi naisoma vingine. Bell alikuwa mfanyabiashara wa pembe katika nyanda zilizo wazi, akipiga makundi ambayo hayajaijua bunduki, naye alichagua lini apige. Kama ubongo hauonekani, alisubiri. Askari wa wanyamapori aliyetumwa kijijini kumaliza tembo anayevunja ghala hana hiari hiyo. Mnyama ameshakasirika, majani ni marefu kuliko mtu, na pembe ya kupiga ni ile atakayopewa. Kwa mtu huyo unene wa risasi ni bima dhidi ya sentimita chache za kukosea.

Kwa ajili ya hali kama hiyo ndipo zilipozaliwa bunduki za komeo zilizo nene. Rigby, waliokuwa wakala wa Mauser London, walipata kutoka Oberndorf komeo ndefu na nene zaidi, na mwaka 1911 wakatoa .416, ganda kubwa kama kidole cha shahada kwa makusudi: baruti ipate nafasi, shinikizo libaki chini hata jua likiwaka. Kichwa chake kina gramu 26 na nusu na hutoka kwa zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Mwaka uliofuata Holland & Holland wakatoa .375, ganda jembamba kuelekea mdomoni linaloingia na kutoka chemba bila kukwama. Idara za wanyamapori za Tanganyika na majirani zake ziliwapa watumishi wao .404 ya Jeffery kwa miaka mingi, na sababu ilikuwa ya kimhasibu kuliko ya kimahaba: bunduki ya mitutu miwili ya London iligharimu kama mali ya urithi, na ya komeo sehemu ndogo tu ya hiyo. Mitutu miwili ina sifa yake ya kweli, risasi ya pili haihitaji mkono kusogea. Lakini ya tatu inahitaji kuikunjua bunduki, wakati komeo ya Mauser ina tatu au nne zinangoja chini.

Usumbura nao ulibadili watawala. Jeshi la Kongo ya Kibelgiji liliingia mjini Juni 1916, na baada ya vita ukawa makao makuu ya Ruanda-Urundi. Bunduki zikabadili anwani lakini si ukoo. Kiwanda cha taifa cha silaha cha Ubelgiji kule Herstal, karibu na Liège, kinachojulikana kwa herufi FN, kiliundwa mwaka 1889 kwa kazi moja: kutengeneza Mauser 150,000 kwa jeshi la Ubelgiji. Kwa hiyo Mjerumani aliyeondoka na Mbelgiji aliyeingia wote walishika komeo iliyotoka kichwani mwa mtu mmoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili FN walitengeneza komeo za Mauser za kuwindia zilizosifiwa kote, na katika miaka ya 1960 bunduki za kifahari za Browning zilizobeba .375 na .458 zilijengwa huko huko Herstal.

Hiyo .458 inastahili aya yake, kwa sababu ni mfano wa jinsi karatasi inavyodanganya porini. Winchester wa Marekani waliitoa mwaka 1956 kama jibu la bei nafuu kwa bunduki za London: kichwa cha gramu 32 katika ganda fupi litakaloingia katika bunduki ya kawaida. Ganda fupi lilimaanisha baruti iliyoshindiliwa, na baruti iliyoshindiliwa ikikaa muda mrefu katika joto ilishikamana na kuungua vibaya. Wasasi walilalamika kwamba risasi hazipenyi. Mmarekani Jack Lott, aliyewahi kujeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, alirefusha ganda hilo na mwaka 1971 akawa na .458 yake mwenyewe. Winchester hao hao mwaka 1964 waliondoa ukucha wa Mauser katika bunduki yao maarufu ya Model 70 ili kupunguza gharama, na wanunuzi wakaziwinda za zamani kwa bei ya juu hadi kampuni ilipourudisha ukucha katika miaka ya 1990. Huku kwetu waliofaidika ni Wacheki. BRNO ya aina ya 602, kutoka Uherský Brod, ilibaki na ukucha, ikawa na komeo ndefu ya kubeba .416, haikuwa na urembo wala bei ya kutisha, na wawindaji wengi wa Tanzania waliitegemea. Niliyoyasikia kuihusu kwa watu wa kazi hiyo ni haya: mbao zake mbaya, kifyatulio chake kina mazoea yake, lakini inalisha.

Ukipewa bunduki ya namna hii uikague, usianze kwa kuipiga. Pata risasi bandia za chuma zenye umbo lile lile, jaza magazini, na izungushe komeo kwa nguvu zote, haraka, kisha polepole, kisha ukiwa umeigeuza juu chini. Iliyo sahihi italisha hata ikiwa imeelekea ardhini. Tazama kama mpini wa komeo unafikika bila kuishusha bunduki kutoka begani. Ipime uzito: ya .375 ikiwa kama kilo nne itakaa mkononi siku nzima na teke lake litavumilika; .416 yataka nusu kilo zaidi. Angalia vilengeo vya chuma, maana darubini ni nzuri kwa swala na ni balaa kwa mnyama aliye hatua kumi. Kisha kawaulize watu watatu, si muuzaji, kama risasi zake zinapatikana. Bunduki ya .416 isiyo na risasi mjini ni fimbo ghali. Hapo .375 ina faida: katika nchi nyingi za Afrika zenye uwindaji halali ndicho kipimo cha chini cha wanyama wakali na ndicho kinachopatikana zaidi.

Lakini historia ya Bujumbura ilikwenda upande mwingine. Kufikia miaka ya 1980 tembo wa Burundi walikuwa wamekwisha, na bado mji ulikuwa moja ya maghala makubwa ya pembe duniani. Mwaka 1986 zilisajiliwa karibu tani 90 za pembe, zote za tembo wa mahali pengine, wa Tanzania, wa Zaire, wa Zambia, zilizovushwa mipaka na ziwa. Serikali mpya ya mwaka 1987 ilizuia biashara hiyo, na mwaka 1988 Burundi ikajiunga na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Wengi wa tembo hao hawakuuawa kwa komeo. Waliuawa kwa bunduki za kivita zinazojilisha zenyewe, Kalashnikov na jamaa zake, na mpigaji hakuhitaji kujua ubongo uko wapi. Alimwaga risasi thelathini na kungoja. Ni upotevu, na ni ukatili. Risasi ya Kalashnikov ina gramu nane na nguvu ya jouli kama 2,000, pungufu hata ya ile ya Bell, na .375 ina karibu mara tatu ya hapo. Zaidi ya nguvu, pua yake ni kali na mwili wake mfupi, hugeuka ndani ya nyama badala ya kunyooka. Mnyama mkubwa haanguki. Anaondoka na majeraha.

Mfano uliojulikana kuliko yote ulikuwa unaogelea kilomita chache kutoka katikati ya mji. Mamba aliyepewa jina Gustave na Mfaransa Patrice Faye, mkazi wa Burundi wa miaka mingi, alizungukia mdomo wa Rusizi na ufuko wa kaskazini wa ziwa Tanganyika kuelekea Rumonge. Urefu wake ulikadiriwa kufikia mita sita. Idadi ya watu aliowala hutajwa hadi 300, tarakimu ambayo mimi siichukui bila chumvi, lakini waliofiwa kando ya ziwa ni wa kweli. Jaribio la kumnasa kwa tundu kubwa la chuma lilishindwa, filamu ya kumbukumbu ikaonyeshwa mwaka 2004, na Hollywood ikatengeneza yake ya kutisha mwaka 2007. Waliomwona karibu walitaja makovu ya risasi mwilini mwake, na nchi ilikuwa katika vita tangu 1993, silaha za kivita kila kona. Ubongo wa mamba ni mdogo sana, umefichwa nyuma ya macho chini ya mfupa mnene. Ukikosa hapo, mamba huteleza majini na hutamwona tena, isipokuwa kwa hasara ya mtu mwingine.

Simba na tembo hawapo tena porini Burundi, lakini mamba na viboko wapo, na mto Rusizi ulipofurika mwaka 2020 na kulifunika eneo la Gatumba, waliingia karibu zaidi na nyumba za watu. Viboko huchunga nyasi za ufukweni usiku ndani ya mji wenyewe. Kinga ya kwanza ni kuwapisha njia yao na kuacha kulima na kufua mahali wanapotokea. Ikibidi mmoja auawe kwa sababu ameshaua mtu, kazi hiyo apewe askari wa hifadhi ya Rusizi aliyefundishwa, mwenye .375 ya ukucha wa Mauser, vichwa vya risasi vigumu na mazoezi ya kutosha ya kuivuta komeo bila kuitazama. Doria ya wanajeshi yenye Kalashnikov isitumwe kufanya kazi hiyo.